Paul Kipkoech: Wa pili nyikani, wa kwanza duniani

MKAZI wa kisiwa cha Ndau, mojawapo ya visiwa vya Lamu, hahitaji kamusi ili aelewe maana ya nyika. Akisimama ufuoni na kuelekeza uso bara, ng'ambo ya maji na mikoko, anaiona kwa macho yake mwenyewe: vichaka, miiba na nyasi zilizokauka, na nyuma yake misitu ya Dodori na Boni. Kwa watu wa pwani, tangu enzi za mababu, nyika ni ile nchi kavu iliyo nyuma ya ukanda wa minazi, ambayo mpita njia huipita kwa hadhari.

Neno hilo la pwani ndilo ambalo Kiswahili kililitumia kuupa jina mchezo usio na uwanja wake maalumu, mchezo ambao washiriki hukimbia katika nyasi, tope, vilima na vijia vya msituni. Ni jina lililoukaa mchezo kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Hata hivyo, mbio za nyika hazikuanzia pwani wala popote barani Afrika, na Wakenya waliokuja kuzitawala walikulia mamia ya kilomita kutoka baharini.

Marehemu Paul Kipkoech alikuwa mmoja wao. Wapenzi wa riadha waliokuwa watu wazima katika miaka ya themanini wanamkumbuka vyema. Vijana wengi wa leo, ambao hutaja kwa ufasaha majina ya John Ngugi na Paul Tergat, hulisikia jina lake kwa nadra. Sababu si ngumu kuipata. Katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika Kipkoech alimaliza wa pili mara tatu, na hakuwahi kumaliza wa kwanza. Historia ya michezo humpa mshindi wa pili mstari mmoja tu, kisha hugeuza ukurasa. Lakini katika mbio hizi, tofauti na nyinginezo nyingi, nafasi ya pili ina thamani ambayo haionekani shingoni mwa aliyevishwa nishani. Pasipo watu wa aina ya Kipkoech, Kenya isingeweza kujenga utawala ambao ulidumu miaka 18 bila kukatika.

Kipkoech alizaliwa Januari 6, 1963 mjini Kapsabet, katika nchi ya Wanandi, miezi michache kabla ya Kenya kujinyakulia uhuru. Kapsabet iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni eneo la mashamba ya chai, malisho ya ng'ombe na misitu ya asili, lenye vijia vya udongo mwekundu ambavyo huwa tope zito masika na vumbi wakati wa kiangazi. Barabara zilizonyooka ni chache, na tambarare ni chache zaidi. Kwa mtoto wa huko, kupanda na kushuka vilima si mazoezi bali ni njia ya kufika dukani, mtoni na shuleni.

Wanandi walikuwa tayari na mashujaa wao. Kipchoge Keino alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500 mjini Mexico City mwaka wa 1968, na ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka wa 1972. Kipkoech alipokuwa na umri wa miaka 15, Mnandi mwingine, Henry Rono, aliushangaza ulimwengu kwa kuvunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mnamo 1978. Hata hivyo, Rono hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka wa 1976 na ya Moscow mwaka wa 1980, na kizazi kizima cha watimkaji kikaona miaka yake bora ikipita. Kijana aliyekua wakati huo alijifunza mapema kwamba miguu yenye kasi haitoshi, na kwamba maamuzi yanayofanywa maofisini yaweza kumzuia mtu kufika kwenye mstari wa kuanzia.

Mchezo uliokuja kumpa jina ulianza kama mzaha wa wanafunzi. Katika karne ya 19, wavulana wa shule za bweni nchini Uingereza, hasa wale wa Shrewsbury, walicheza mchezo wa sungura na mbwa. Wachache walitangulia kupitia mashamba na misitu wakidondosha vipande vya karatasi, na wengine wakawafuata kwa kuziandama karatasi hizo, wakiruka ua na mitaro. Watu wazima wakauchukua mchezo huo. Mwaka wa 1868 ikaundwa klabu ya Thames Hare and Hounds, ambayo wanachama wake walikimbia katika uwanda wa vichaka na nyasi wa Wimbledon, kusini-magharibi mwa London. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa England yakaandaliwa mwaka wa 1876 katika msitu wa Epping, nayo yakaishia kuwa kioja: wakimbiaji wote 32 walipotea njia na matokeo yakafutwa. Huenda hakuna mchezo mwingine ambao mashindano yake ya kwanza ya taifa yalishindwa na msitu.

Mwaka wa 1903 England, Scotland, Wales na Ireland zilikutana mjini Hamilton, Scotland, kwa mashindano ya kwanza ya kimataifa, na Alfred Shrubb wa England akaibuka mshindi. Katika Olimpiki mbio hizo hazikudumu. Zilifanyika mara tatu tu, na baada ya mashindano ya Paris mwaka wa 1924, ambapo joto kali liliwaangusha wengi na kati ya watimkaji 38 walioanza ni 15 tu waliofika, ziliondolewa. Kwa hivyo, mashindano ya dunia ya kila mwaka, ambayo Shirikisho la Riadha Duniani lilianza kuyasimamia mwaka wa 1973, yakawa ndicho kilele cha mchezo. Wakati huo yalikuwa bado ni mashindano ya Wazungu zaidi ya watu wengine. Kenya na Ethiopia hazikutokea hadi mwaka wa 1981, jijini Madrid.

Ethiopia ndiyo iliyotangulia kuchukua nafasi. Ilitwaa taji la timu ya wanaume katika mashindano hayo ya Madrid, licha ya watimkaji wake kukosea hesabu ya mizunguko na kutoa kasi yao ya mwisho kabla ya wakati, kisha ikalihifadhi kwa miaka mitano mfululizo. Kenya ilikuwa bado inajifunza. Nishani yake ya kwanza ya mtu binafsi upande wa wanaume ilipatikana Uingereza, katika mji wa Gateshead, mwaka wa 1983, Some Muge alipomaliza wa tatu.

Kipkoech alijitokeza katika jukwaa la dunia wakati huo huo. Mwaka wa 1984 Kenya ilirejea katika Olimpiki, naye, akiwa na umri wa miaka 21, akafika fainali ya mita 5,000 mjini Los Angeles. Saïd Aouita wa Morocco alishinda kwa rekodi ya Olimpiki. Kipkoech alikuwa wa tano kwa muda wa dakika 13 na sekunde 14.40. Aliyemtangulia kwa hatua chache katika nafasi ya nne alikuwa Mwingereza Tim Hutchings, naye pia mtu wa nyika, ambaye alimaliza wa pili katika mashindano ya dunia ya mwaka huo na tena mwaka wa 1989. Ni sadfa ya kuvutia kwamba siku hiyo walifuatana watu wawili ambao majaliwa yao katika nyika yalikuwa ya namna moja.

Miezi saba baadaye, Machi 1985, dunia ya nyika ilikutana Lisbon. Mwenyeji Carlos Lopes, bingwa wa Olimpiki wa marathoni, alikuwa na umri wa miaka 38 na alikuwa akiwania taji lake la tatu mbele ya watu wake. Alilipata. Nyuma yake hakuwapo Mreno mwingine wala Mwethiopia, bali kijana wa Kapsabet. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkenya kumaliza wa pili katika mbio hizo za wanaume. Mwethiopia Wodajo Bulti alikuwa wa tatu, na nchi yake ikaondoka na taji la timu kwa mara ya tano, lakini dalili za mabadiliko zilikuwa zimeshaonekana.

Hapa inafaa kueleza jinsi hesabu ya timu ilivyofanywa enzi hizo, maana pasipo kuielewa, mchango wa Kipkoech hauonekani. Kila nchi ilipeleka wanaume tisa. Nafasi za sita wa kwanza miongoni mwao zilijumlishwa, na nchi iliyopata jumla ndogo zaidi ndiyo iliyoshinda. (Siku hizi wanaohesabiwa ni wanne.) Kwa utaratibu huo, mshindi wa kwanza anaipa nchi yake alama moja na wa pili alama mbili. Tofauti kati yao ni alama moja tu. Lakini nchi yenye bingwa mmoja na wenzake watano walio katika nafasi ya 40 haina lake. Taji huletwa na wale wanaokimbia mbele kwa pamoja, hata ikiwa kamera haziwafuati.

Kenya iliufahamu ukweli huo mapema kuliko wengi. Chini ya mkufunzi Mike Kosgei, timu ya nyika ililelewa kama familia moja. Wanariadha waliletwa pamoja kambini, wakila chakula kimoja na kukimbia vijia vimoja. Baadaye kambi hiyo ilivuma katika chuo cha ualimu cha Kigari, Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako walikimbia mara tatu kwa siku wakipanda na kushuka kando ya mashamba na misitu. Aliyechoka aliburutwa na kundi, na aliyekuwa na nguvu alijifunza kutolilegeza kundi. Wapo walioulaumu utaratibu huo kwa kuwachosha watu kabla ya mashindano, na lawama hizo hazikukosa msingi kabisa. Matokeo, hata hivyo, hayana ubishi.

Mwaka wa 1986, nchini Uswisi, John Ngugi alitwaa ubingwa, Joseph Kiptum akawa wa tatu, na Kenya ikaipokonya Ethiopia taji la timu kwa mara ya kwanza. Huo ulikuwa mwaka wa Ngugi, mtimkaji mrefu mwenye hatua pana ambaye hakupenda kusubiri dakika za mwisho. Tangu hapo, yeyote aliyetaka taji la dunia alipaswa kumpita Ngugi kwanza.

Kipkoech alikaribia kufanya hivyo. Katika mashindano ya Machi 1987 jijini Warsaw, Poland, Wakenya hao wawili waliachana na dunia nzima. Mfaransa Paul Arpin, aliyekuwa wa tatu, aliwaona kwa mbali tu. Ngugi na Kipkoech walifika mwisho wakifuatana kwa karibu mno, na Ngugi ndiye aliyekuwa mbele. Kwa mtu binafsi, hatua hizo chache ndizo mpaka kati ya kukumbukwa na kusahauliwa. Kwa Kenya zilikuwa alama tatu za watu wawili, nayo ikalitetea taji lake.

Miezi mitano baadaye ndipo Kipkoech alipolipata lililo lake. Mashindano ya pili ya riadha ya dunia yalifanyika Roma. Katika yale ya kwanza, mjini Helsinki mwaka wa 1983, Kenya haikuambulia nishani hata moja. Ubingwa wa mita 10,000 wakati ule ulikuwa umekwenda kwa Mwitaliano Alberto Cova, aliyeshinda kwa tofauti ya sekunde 0.14 tu. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea ya mbio hizo za mizunguko 25: watu hutembea na kundi, huviziana, na mwenye mbio za mwisho hubeba zawadi.

Agosti 1987, katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma, mambo yalikuwa tofauti. Mpinzani aliyekuwa hatari zaidi alikuwa Mwitaliano Francesco Panetta, ambaye siku chache baadaye angetwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na ambaye alikuwa na umati wa nyumbani nyuma yake. Kipkoech hakumwachia nafasi ya kuamua mbio hizo katika mita za mwisho. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 38.63. Panetta alifika zaidi ya sekunde 10 baadaye, na Hansjörg Kunze wa Ujerumani Mashariki akawa wa tatu. Hivyo ndivyo mtu wa nyika anavyokimbia uwanjani. Kule vilimani na topeni mbio huamuliwa mapema, kwa kumkatisha mwenzako tamaa kabla ya mwisho kuonekana, na tabia hiyo aliingia nayo katika uwanja laini.

Ushindi huo ulimfanya Kipkoech kuwa Mkenya wa kwanza kabisa kuwa bingwa wa dunia katika mashindano hayo ya riadha. Billy Konchellah alifuata katika mita 800, na Douglas Wakiihuri akafunga kazi katika marathoni. Tangu siku hizo tatu za dhahabu, Kenya imekusanya nishani nyingi za mashindano hayo hata mashabiki wake hawashangai tena. Lakini orodha hiyo ndefu ina mwanzo, na mwanzo wake ni Paul Kipkoech.

Bingwa wa dunia huyo hakujiona mkubwa mno kurudi kwenye tope. Machi 1988 alikuwa mjini Auckland, New Zealand, katika uwanja wa mashindano ya farasi wa Ellerslie. Siku hiyo ilikuwa ya kutisha kwa mataifa mengine. Ngugi alikuwa wa kwanza, Kipkoech wa pili, Kipsubai Koskei wa tatu, na Mkenya mwingine wa nne. Mwethiopia Abebe Mekonnen alijipenyeza katika nafasi ya tano, kisha Wakenya wakaendelea kumiminika. Kati ya watu tisa wa mbele, wanane walivaa sare ya Kenya. Jumla ya alama ilikuwa 23, ilhali timu iliyo kamili, ikishika nafasi zote sita za mwanzo, hupata 21. Waliosomea hesabu waliona kwamba Kenya ilikosa ukamilifu kwa sababu ya Mwethiopia mmoja tu.

Kwa Kipkoech hiyo ilikuwa mara ya tatu kuwa wa pili, na mara ya pili nyuma ya mtu yule yule. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwenye kuangalia kutoka nje angesema kwamba miaka yake bora ilikuwa bado mbele, na kwamba Olimpiki ya Seoul ya mwaka huo ingekuwa yake.

Haikuwa hivyo. Fainali ya mita 10,000 ilipofanyika Seoul, bingwa wa dunia hakuwamo. Brahim Boutaib wa Morocco alishinda kwa rekodi ya Olimpiki, na Mkenya aliyefika jukwaani alikuwa Kipkemboi Kimeli, aliyepata shaba. Ngugi alichukua dhahabu ya mita 5,000, kisha akaongeza mataji mengine mawili ya nyika, mwaka wa 1989 na mwaka wa 1992, yakawa matano. Majina mapya yakaja, na jina la Kipkoech likaanza kufifia katika kurasa za michezo. Kenya ya wakati huo haikuwa na desturi ya kuwauliza mabingwa wake wa jana wanaishi vipi, na fedha za riadha zilikuwa bado kidogo mno kumjengea mtu maisha baada ya mbio.

Katikati ya Machi 1995 Kipkoech aliaga dunia kwa maradhi mjini Eldoret. Alikuwa na umri wa miaka 32, umri ambao wakimbiaji wengi wa masafa marefu huwa ndio kwanza wanahamia barabarani.

Siku chache baadaye, Machi 25, 1995, timu ya Kenya ilikuwa tena Uingereza, nchi ambayo mbio za nyika zilianzia. Mashindano ya dunia ya mwaka huo yalifanyika Durham, kaskazini mwa England. Paul Tergat alitwaa taji la kwanza kati ya matano aliyotwaa mfululizo. Wa pili alikuwa Mkenya pia, Ismael Kirui. Hilo lilikuwa taji la 10 mfululizo la timu ya wanaume ya Kenya, na mengine manane yaliongezeka hadi mwaka wa 2003, kabla ya Ethiopia kulitwaa tena mwaka wa 2004.

Katika mita 10,000 alikofungua njia, waliofuata nyayo zake ni wachache kuliko inavyodhaniwa. Moses Tanui alishinda ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka wa 1991, na Charles Kamathi mjini Edmonton mwaka wa 2001. Hadi mashindano ya 2025, hakuna Mkenya mwingine wa kiume aliyeupata. Katika Olimpiki hali ni hiyo hiyo: dhahabu ya Naftali Temu ya mwaka wa 1968 ndiyo pekee ambayo wanaume wa Kenya wameipata katika masafa hayo. Kwa taifa linalojiona kuwa makao ya mbio ndefu, ushindi wa Roma unazidi kupanda thamani kadiri miaka inavyopita.

Mbio za nyika zenyewe zilifika pwani ya Kenya hatimaye. Machi 24, 2007, miaka 12 baada ya Kipkoech kufariki, mashindano ya dunia yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Joto na unyevu wa kaskazi viliwatesa watimkaji wa nyanda za juu vilevile kama vilivyowatesa Wazungu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mashindano hayo kwa miaka mitano, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka bingwa. Mkenya Moses Mosop alimaliza wa pili. Alama zake mbili ziliingia katika hesabu ya timu, na Kenya ikalibeba taji.